Viua Saba Katika Nchi ya Ukakamavu

Nchi ya Ukakamavu haimo katika ramani yoyote, wala hakuna aliyerudi kutoka huko na picha. Kitwana, fundi vitanda, alirudi na kofia, tena kofia yenyewe haikwisha. Anayetaka kujua kwa nini na akae asikilize. Asiyetaka, kazi zipo.

Mkewe aliitwa Siwatu. Alikuwa mshona kofia, na mtaani kwao hapakuwa na mkono kama wake. Asubuhi moja alikuwa amekaa mkekani akishona, sindano ikamponyoka. Akataka kuiokota, asiweze. Akacheka.

"Baba Tunu, njoo uone. Mkono umenigomea."

Kufika adhuhuri mguu wa kulia nao ulikuwa umegoma. Hospitalini wakasema ni kiharusi, wakampa vidonge, wakasema asubiri. Akasubiri mwaka. Mguu ulirudi nusu, wa kujikokota. Ulimi ulirudi wote, na Kitwana alitania kwamba ulimi haukuwahi kwenda popote. Mkono wa kulia haukurudi. Ulining'inia begani kama kanzu kwenye msumari.

Kofia aliyokuwa akiishona siku ile ilikuwa ya mumewe. Upande wa kuzunguka ulikuwa umekwisha, umejaa viua, vile vitundu vidogo vinavyozungushiwa uzi kimoja kimoja mpaka kofia nzima ipumue. Kilichobaki ni duara la juu, jeupe, tupu. Siwatu aliifunga ile kofia katika kitambaa pamoja na sindano.

"Nikiimaliza hii," alisema, "nitajua nimerudi. Nisipoimaliza, basi humu ndani unaishi na mgeni."

Kwa ajili ya maneno hayo Kitwana, mtu asiyependa kutoka nje ya karakana yake, alimchukua mkewe akaenda naye Ukakamavu, nchi ambako watu walisema kuna umeme unaofufua mkono. Jinsi walivyofika si hadithi. Walifika.

Mlangoni mwa nchi askari hakuwauliza majina.

"Mmekaza?" aliuliza.

Ndiyo salamu yao. Ukisalimiwa hivyo unajibu, "Tumekaza, wewe je?" Kitwana alijibu, "Salama," na askari akamtazama kama mtu aliyepiga chafya msikitini.

Watu wa nchi ile walikuwa na vifua kama milango ya ghala na shingo kama vigogo. Kila mmoja alivaa fulana nyeusi yenye nyaya ndani, na kiunoni kisanduku kidogo chenye mshale nyuma ya kioo. Kila siku, kwa sheria, walikwenda uwanjani, wakalala chali kwenye mabenchi dakika ishirini, umeme ukapita mwilini. Misuli iliwaruka kama samaki aliyetoka majini sasa hivi. Wao walikuwa wakizungumza habari za mashamba, na mmoja alikuwa amelala usingizi anakoroma, mapaja yakifanya kazi peke yake. Wakimaliza walifutwa jasho, wakasomewa mshale. Mwenye mshale wa juu alipewa kiti cha mbele kila mahali, hata mazikoni.

Siku ya kwanza Kitwana alimkuta mtu mmoja mnene wa misuli amesimama mbele ya ndoo ya maji, hafanyi lolote.

"Vipi, ndugu yangu?"

"Betri imekwisha. Nimetuma waniletee nyingine."

Kitwana akaiinua ile ndoo akamwekea kizingitini. Yule mtu akageuka huku na huku kuona kama kuna aliyeona.

"Usirudie, mzee," akanong'ona. "Mbele za watu! Hiyo ni harakati ya kienyeji."

Ndivyo walivyoita kila jambo ambalo mwili hufanya bila waya. Hawakukataa kwamba lipo. Walisema halina faida, kwa sababu mshale haulioni, na usichokiona mshale hakiwezi kuandikwa, na kisichoandikwa utamlaumu nani kikipotea? Tena lina madhara. Mtu akijitikisa kwa hiari yake wakati umeme unapita, mshale hutetemeka, na kwao mshale unaotetemeka ni aibu ya ukoo.

Kwa desturi yao kila mgeni hupelekwa barazani asikie angalau hoja moja, apate kuielewa nchi. Siku ya Kitwana na Siwatu hoja ilikuwa hii: je, mtu aliyecheka bila waya, amecheka?

Mjumbe wa kwanza, mzee mwenye mashavu magumu kama nazi, alisema hakucheka, alitoa sauti tu. Mjumbe wa pili alisema, tusiwe wakali, tuseme amecheka kienyeji. Wa tatu akauliza, je, na kulia? Hapo wenzake wakatazama meza, kwa sababu mama yake mjumbe huyo alikuwa amefariki juma lile. Spika akasema suala la kulia lisubiri kikao kingine. Kisha akabonyeza kitufe mezani pake, na mikono yote ya wajumbe ikainuka kwa pamoja, tap! Hoja ikapita. Mjumbe mmoja, betri yake imelegea, mkono wake haukuinuka. Akaandikwa kuwa amepinga, akatolewa nje akiomba radhi.

Siwatu alimgusa mumewe kwa mkono wa kushoto.

"Baba Tunu, hawa wanahitaji daktari kuliko mimi."

"Nyamaza, mama. Tumefuata mkono."

Nyumba ya wagonjwa ilikuwa nyuma ya uwanja, pale zinapotupwa nyaya zilizochoka. Umeme ulikuwa wa watu wazima wa mwili kwanza. Wagonjwa walipata wakati wenye nguvu wamekwenda kula. Ndani walikuwamo wawili. Mmoja alikuwa Bwana Tegemeo, Msoma Mshale, mwenye kalamu tatu mfukoni. Mwingine alikuwa Bi Chane, mwanamke wa makamo anayeloweka vibandiko katika maji na kuvibandika mwilini mwa mgonjwa. Bwana Tegemeo alisoma masharti.

"Siku arobaini. Mshale ukifika tisini mgonjwa anapewa cheti cha kupona. Mgonjwa asijaribu kusaidia. Alegee, aache waya ufanye kazi. Akiutikisa mshale mara tatu, jina lake linafutwa na wote wawili mnatoka nchini. Mmeelewa?"

"Tumeelewa," alisema Kitwana.

"Namuuliza mgonjwa."

"Nimeelewa," alisema Siwatu. "Mkono ni wangu, ila nisiuguse."

"Sahihi," alisema Bwana Tegemeo, akaandika.

Bi Chane akabandika vibandiko viwili juu ya mkono na viwili chini ya kiwiko. Kitufe kikabonyezwa. Na Kitwana, ambaye kwa mwaka mzima alikuwa akiuosha mkono ule kama anayeosha maiti, akaona vidole vitano vikikunjwa kimoja baada ya kingine, taratibu, kama ua linalofumba. Akashika ukuta. Siwatu alikuwa akilia na kucheka, kienyeji yote mawili.

"Unaona! Mama Tunu, unaona!"

"Naona. Siusikii, lakini naona."

Kisha Siwatu akafanya jambo ambalo mtu yeyote angelifanya. Akauma mdomo, akajaribu kukunja pamoja na waya. Mshale ukatetemeka.

"Mara ya kwanza," alisema Bwana Tegemeo.

Siku ya nne akajaribu tena. "Mara ya pili." Bwana Tegemeo akatoka kwenda kuchukua mhuri wa onyo, na hapo Bi Chane akasogea, akiminya maji kwenye vibandiko, akasema bila kuinua uso:

"Dada, usiache kujaribu. Bibi yangu ndiye aliyeuleta waya huu nchini. Aliuleta kwa waliopooza tu. Alikuwa akisema kidole kimoja hakivunji chawa. Waya ni kidole kimoja, cha pili ni wewe. Waya unaanza, wewe unamalizia, siku hadi siku waya unapunguzwa, mpaka unatupwa. Ndivyo walivyopona watu. Wazima wakaja kuchungulia, wakasema, kama unaweza kuinua mkono uliokufa, wangu ulio hai utaufanya nini? Wakapanga foleni. Wao hawakuwa na haja ya nusu ile ya pili, wakaiacha. Sasa imekuwa kosa."

"Shemeji," Kitwana alimkatiza, "imebaki mara moja. Mara moja tu! Wakitufukuza mimi nitampeleka wapi?"

Bi Chane akaminya maji tena kwenye kibandiko.

"Basi mwache."

Akamgeukia mkewe. "Mama Tunu, legea. Nakuomba. Mshale upande, tupate cheti, twende zetu. Kushona utashona nyumbani."

Siwatu akalaza kichwa. "Haya," akasema.

Na kweli akalegea. Mshale ukaanza kupanda: ishirini, thelathini na tano, hamsini. Mkono uliokuwa fimbo ukaanza kujaa. Kila siku baada ya waya, Bi Chane alimwingiza katika chumba cha kulowekea vibandiko, kumkausha na kumfunga nguo, na Kitwana alingoja nje juani pamoja na ndugu wa wagonjwa wengine. Mara nyingine alingoja sana. Hakuuliza. Mambo ya wanawake.

Siku ya ishirini na sita walikuwa wamekaa kwenye benchi la nje, mkono wake wa kulia ndani ya mkono wa mumewe, bila waya.

"Umesikia?" aliuliza Siwatu.

"Nini?"

"Nimekubana."

Alikuwa amesikia. Kilikuwa kitu kidogo mno, kama kifaranga anayedonoa ndani ya yai. Alikisikia, akajua ni nini. Lakini Bwana Tegemeo alikuwa anapita uani na kalamu zake.

"Acha!" Kitwana alisema, akauachia ule mkono kama kaa la moto. "Wakikuona? Imebaki mara moja, mwanamke, imebaki mara moja!"

Hakuwahi kumwita mwanamke hivyo. Siwatu aliuchukua mkono wake kwa mkono wa kushoto akauweka mapajani mwake.

"Haya, Baba Tunu."

Hakumbana tena. Kitwana aliona nafuu. Inafaa isemwe hivyo hivyo: aliona nafuu.

Siku ya arobaini mshale ulisimama juu ya tisini, haukutikisika hata kidogo. Mkono wa Siwatu ulikuwa mzuri ajabu, mnene, umekaza kama wa mpagazi wa bandarini. Watu waliitwa kutoka uwanjani waje waone. Wakaguna kwa kuusifu, mmoja akaomba kuupima kwa kamba. Bwana Tegemeo akapiga mhuri: AMEPONA.

"Sasa ashike kitu," alisema Kitwana.

"Kitu gani?"

"Kikombe. Chochote."

Watu wakatazamana. Bwana Tegemeo alieleza kwa upole, kama anayemfundisha mtoto, kwamba kushika ni jambo jingine, halimo katika cheti. Mkono umepona. Matumizi yake ni suala la mwenyewe.

Njiani kurudi nyumba ya wageni Siwatu alikuwa akiutazama mkono ule ulivyojaa.

"Wamenipa wa mtu mwingine," alisema. "Lakini usihuzunike. Kuna jambo nitakuonyesha nyumbani. Si hapa. Nyumbani."

"Jambo gani?"

"Nimesema nyumbani. Una haraka ya nini, na wewe umejaa woga kama sungura?"

Ulikuwa mzaha wake wa mwisho. Asubuhi iliyofuata, Kitwana akifunga mizigo, Siwatu alisema kichwa kinamuuma upande mmoja. Akakaa kitandani. Akasema, "Baba..." na neno likabaki hapo. Kitwana alipofika kwake alikuwa amelala ubavu, macho wazi, hana pumzi.

Wenye nyumba wakamwita Bwana Tegemeo, kwa sababu sheria ya Ukakamavu inasema hakuna mtu aliyekufa maadamu mshale unapanda. Akaja na kisanduku, na Bi Chane nyuma yake na vibandiko. Kitwana alikuwa ameushika mkono wa kulia wa mkewe, hataki kuuachia. Wakabandika hivyo hivyo. Kitufe kikabonyezwa.

Vidole vitano vikakunjwa. Mkono ukamshika Kitwana, ukamkaza, ukamkaza mpaka mifupa ikalia.

"Themanini na nane," alisema Bwana Tegemeo. "Mzima. Ona anavyokushika, mzee! Mke wako yuko hapa."

Kitwana akauinamia. Alikuwa anausikiliza mkono ule. Ulikuwa na nguvu kuliko siku zote walizoishi pamoja, miaka ishirini na mitatu. Naye alikuwa akitafuta ndani ya nguvu ile yote yule kifaranga anayedonoa, na hakuwamo.

"Huyu si yeye," alisema.

"Mshale unasema..."

"Mke wangu alinibana mara moja katika nchi yenu. Mimi naujua mkono wake. Huyu si yeye. Toa."

"Sheria..."

"Toa, bwana!"

Bi Chane ndiye aliyetoa. Alibandua kimoja baada ya kingine kama mtu anayetoa miiba, na vidole vikafunguka. Bwana Tegemeo alisimama na kalamu yake, hajui aandike wapi. Mwishowe aliandika katika safu iliyokuwapo: AMEPONA. AMEONDOKA.

Bi Chane alimwosha. Wanaume wa mtaa ule walikuja, vifua vyao vimejaa, wakasimama mahali pa kaburi na majembe, kisha wakasimama tu. Betri za kuchimbia, walisema, zilikuwa shambani, labda kesho. Kitwana akachukua jembe mkononi mwa mmoja wao, akaanza kuchimba mwenyewe.

Alichimba kuanzia saa saba. Watu wakaongezeka. Hawakuwa wamewahi kuona mtu akichimba hivyo, anachoka, anapumzika, anatema mate viganjani, anaanza tena. Mtoto mmoja aliuliza, "Mama, nani anambonyeza?" Mama yake akamziba mdomo. Mjumbe yule aliyefiwa na mama alikuwapo pia. Alipiga magoti ukingoni, akatazama pande zote, akavua fulana yake ya nyaya. Mikono yake mikubwa ilitetemeka kama ya mgonjwa aliyetoka homani. Akachota udongo, nusu ukamwagika, nusu akautupa nje. Akachota tena. Alikuwa analia na hakuna aliyeuliza kama analia kweli. Alasiri wakamzika Siwatu.

Baada ya mazishi Bi Chane alimletea Kitwana kitambaa kilichofungwa. Alikijua. Kilikuwa cha kofia.

"Alikuwa akiiweka kwangu," alisema. "Fungua, shemeji."

Kitwana akafungua. Juu ya lile duara jeupe, lililokuwa tupu, palikuwa na viua saba. Vilikuwa vibaya. Uzi umevutwa huku umelegea kule, kimoja kikubwa, kimoja kimekunjamana, na pembeni doa kavu la damu pale sindano ilipochoma kidole. Mtoto wa darasa la kwanza angeona haya kuvionyesha. Ila cha saba kilikuwa kimekaribia kuwa duara.

"Kwa mkono upi?" aliuliza, ingawa alijua.

"Wa kulia. Chumbani kwangu, wewe ukiwa nje. Nilimwekea waya mdogo, yeye akavuta pamoja nao. Nikapunguza, nikapunguza. Viwili vya mwisho hapakuwa na waya kabisa. Sindano naishika mimi kwanza, halafu naiachia."

"Kwa nini hukuniambia?"

"Aliniapisha. Alisema, Baba Tunu ni mwoga, usimlaumu, anaogopa kwa ajili yangu. Alisema atakuonyesha kwenu, mahali ambapo hakuna wa kumwogopa."

Kitwana aliikunja ile kofia. Hakulia mbele ya Bi Chane. Alikaa chini mahali aliposimama, juu ya udongo mpya, kofia tumboni, mpaka jua likazama, na Bi Chane akakaa naye.

Siku hizi yuko kwao na randa yake. Cheti chenye mhuri alikitumia kuwashia jiko la gundi. Akisikia kuna aliyepooza mtaani huenda kukaa naye, na kama hospitali imempa mashine ya umeme ya kumrudisha, haikatazi. Husema ni nzuri, aliiona kwa macho yake. Kisha huweka mkono wake ndani ya mkono wa mgonjwa na kusema, "Nibane." Mgonjwa akisema hawezi, Kitwana hungoja. Mikono yake hukaa pale saa nzima, kazi zikilala.

Bintiye Tunu, aliyerithi mkono wa mama yake, aliomba mara nyingi aimalizie kofia. Alikataa. Huivaa hivyo hivyo kila Ijumaa, na vijana wa kijiweni, wasiojua, humtania.

"Mzee Kitwana, mshonaji alikukimbia? Juu huku hapajashonwa!"

Naye huivua kofia, akawasogezea, akaweka kidole pale.

"Pameshonwa," husema. "Tazama vizuri."